Nadharia ya Hatua Mbili: Ilivyopatikana Ohio

Nadharia ya mtiririko wa hatua mbili hufundishwa kwa mchoro mwepesi. Habari hutoka redioni na magazetini, hupokelewa na viongozi wa maoni, nao huzifikisha kwa jirani na jamaa. Ni nadra mwanafunzi kuelezwa mshale wa pili wa mchoro huo ulipatikanaje, nami naona hapo ndipo penye somo lenyewe.

Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld, mwanahisabati aliyehamia Marekani kutoka Vienna, alitaka kujua kampeni ya urais humgeuzaje mpiga kura. Franklin Roosevelt alikuwa akishindana na Wendell Willkie. Lazarsfeld na wenzake, Bernard Berelson na Hazel Gaudet, walichagua Erie County, jimboni Ohio. Ilikuwa ndogo kiasi cha kuwasimamia wahoji kwa karibu, na kwa miongo minne kura zake hazikuwa zimeachana sana na za taifa zima.

Mwezi Mei wahoji walibisha hodi katika nyumba moja kati ya kila nne, wakapata watu wapatao 3,000. Kutoka kwa hao yaliundwa makundi manne yanayofanana, kila moja watu 600. Kundi moja, yaani paneli, lilihojiwa kila mwezi mpaka Novemba. Matatu yaliyobaki yalirudiwa mara moja tu, kila moja kwa wakati wake.

Makundi hayo matatu ndiyo yanayonifanya niiheshimu kazi hii. Mtu anayeulizwa siasa kila mwezi aweza kuanza kufuatilia magazeti kwa sababu tu anajua mhoji atarudi. Kwa kulinganisha majibu ya paneli na ya watu wasiosumbuliwa mara kwa mara, watafiti walipima kama maswali yao wenyewe yalikuwa yanawabadilisha wahojiwa. Paneli nayo ilifichua jambo ambalo kura ya maoni ya siku moja haiwezi kulionyesha. Wapiga kura kumi wakihama chama na kumi wengine wakahamia chama hicho hicho, jumla haitikisiki hata kidogo. Paneli huwaona wote ishirini, na wahoji huwauliza mmoja mmoja kilichowahamisha.

Matokeo yaliwashangaza. Takriban nusu ya watu walikuwa wameshaamua tangu Mei na hawakuyumba. Waliogeuka kabisa, kutoka upande mmoja hadi mwingine, walikuwa asilimia 8 hivi. Watu walipoulizwa walivyoifuatilia kampeni, mazungumzo na watu wengine yalitajwa zaidi ya hotuba za redio au makala za magazeti. Maswali mawili yaliwatenga viongozi wa maoni: je, hivi karibuni umejaribu kumshawishi mtu kuhusu siasa? Je, kuna aliyekuomba ushauri wa kisiasa? Mtu mmoja kati ya watano hivi alihesabiwa kuwa kiongozi, na watu hao walisoma na kusikiliza kuliko wengine. Kitabu cha utafiti huo, The People's Choice, kilitoka mwaka 1944.

Sasa tazama kiungo dhaifu. Wahojiwa 600 walichaguliwa mmoja mmoja, bila kuangalia nani anajuana na nani. Aliyesema ameombwa ushauri alisadikiwa kwa kauli yake, na aliyemwomba hakutafutwa. Sehemu ya kwanza, kwamba viongozi hufuatilia vyombo vya habari zaidi, ilipimwa. Ya pili, kwamba maneno yao huwafikia wengine na kuwageuza, ilikisiwa kutokana na dalili. Dalili zilikuwa nzito, lakini mshale ule ulichorwa kabla ya kupimwa.

Lazarsfeld alilijua pengo hilo. Mwaka 1945, mjini Decatur, Illinois, wanawake 800 waliulizwa nani aliwashauri kuhusu manunuzi ya nyumbani, mitindo ya mavazi, filamu na mambo ya umma. Kisha wahoji wakamtafuta aliyetajwa na kumuuliza kama mazungumzo hayo yalikuwapo. Si wote waliopatikana, ila kwa mara ya kwanza ncha zote mbili za mazungumzo zilisikilizwa. Personal Influence, kitabu alichokiandika na Elihu Katz mwaka 1955, kinaonyesha kwamba uongozi hubadilika kulingana na jambo. Mama mwenye familia kubwa aliaminiwa kuhusu bidhaa za dukani, na wasichana wasioolewa kuhusu filamu. Kiongozi wa maoni katika kila jambo karibu hayupo.

Fikra ya hatua mbili ilifika hata Tanzania. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ambamo Mkwaju, dereva wa lori, analipia tabia zake. Everett Rogers na watafiti wenzake waliupima kwa njia ambayo Erie County haikuwa nayo: kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, hivyo mkoa ukawa eneo la kulinganisha. Wasikilizaji waliulizwa pia kama waliuzungumzia mchezo huo, na walifanya hivyo na nani, na mazungumzo kati ya mume na mke yakawa sehemu ya kipimo. Hata hivyo watu na habari husafiri, na mpaka wa mkoa hauzuii kisa kinachosimuliwa ndani ya basi. Dodoma ilipoanza kuusikia mchezo mwaka 1995, watafiti walipata nafasi ya kupima tena mahali pale pale, safari hii wakiwa na takwimu za miaka ambayo redio ya huko ilikuwa haijautangaza.