Ndoo ya Kibua na Uti wa Mgongo wa Trekta

Wasomaji mlioiona ile Massey Ferguson 135 kuukuu ikipakia kokoto pale Kibua, kando ya njia ya Walikale, bila shaka mmekwisha kuibaini kasoro yake: mikono ya ndoo imefungwa mahali isipostahili kufungwa. Mafundi wameikaza mbele ya injini na ubavuni mwake kwa boliti fupi, wala hawakuifikisha nyuma hata kwa kipande kimoja cha chuma.

Trekta hii, kama ilivyokuwa Ferguson TE20 iliyoitangulia, haina fremu ya kuibeba. Injini, sanduku la gia na ekseli ya nyuma zimeungwa kwa boliti, zikawa ndizo uti wa mgongo wenyewe. Basi kila ndoo inapojikita katika chungu ya kokoto, huku magurudumu ya nyuma yakisukuma, nguvu yote hupita katika muungano wa injini na nyumba ya klachi, nao ni chuma cha kusubu, kinachostahimili kubanwa lakini kisichovumilia kupindwa. Na siku kitakapopasuka, watu watasema trekta imezeeka, ilhali uzee haukuhusika hata kidogo. Dawa yake ni ya tangu zamani: mihimili miwili mirefu, ipite ubavuni mpaka nyumba ya ekseli ya nyuma, ili msukumo upokewe pale pale unapozaliwa.

Kulehemu ni kuzuri, na mipira ya mafuta imepitishwa kwa adabu.

Uzito nao umesahauliwa. Kilo 400 zikining'inia mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele, katika trekta yenye mita 1.8 hivi baina ya ekseli zake, huyapunguzia magurudumu ya nyuma kilo 267 na kuyatwika ya mbele 667. Usukani huwa mzito, pini ya ekseli ya mbele hulika, na matope yetu ya masika humalizia yaliyobaki. Tofali kubwa la zege lingetundikwa nyuma, lakini waama mwenye mali akaliona ni kupoteza dizeli!

Kuitwika mashine kazi isiyoumbiwa si kosa geni: nimekwisha kulalamika, na sitachoka, juu ya wale wa Mradi wa Karanga wa Kongwa waliotumia vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick, kisha wakastaajabu yalipowashinda. Mpanda milima Edmund Hillary, aliyefika Ncha ya Kusini kwa Ferguson tarehe 4 Januari 1958, alizivisha minyororo magurudumuni, akauacha uti wa mgongo salama.

Pampu ya ndani tuiache, ingawa kwa klachi ya hatua moja ndoo husimama angani kila dereva akanyagapo. Mpaka mihimili ipatikane, boliti zikazwe kila asubuhi, ndoo ijazwe nusu, na trekta isitembee ndoo ikiwa imeinuliwa kupita magoti.