Ukigusa Hapa, Kule Kunasikia

Kuna watu wakifunguliwa boneti ya Datsun 240Z, jicho la kwanza huenda kwenye kabureta. Wakikuta mbili, zile za Hitachi zilizotoka nazo kiwandani, hunyamaza kwa adabu. Wakikuta tatu za Weber, midomo sita wazi, hupiga mluzi na kutoa simu. Mimi naomba kwanza kuona daftari la fundi. Kama daftari hilo lina bei za vipuri tu na halina vipimo, injini hiyo hata ikifungwa kabureta kumi na mbili sina hamu ya kuisikia.

Gari lenyewe Nissan walilitoa mwaka 1969. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, kila moja na kipenyo cha milimita 83, na ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 2,393. Bloku ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu, na kamshafti moja inakaa juu ikizungushwa na cheni ndefu inayopanda kutoka kwenye krenki. Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151. Huku kwetu hapakuhitajika tangazo. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akisomewa njia na Lofty Drews. Mara hiyo ya pili Mehta na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun nyingine, walifika mwisho wakiwa sare kwa pointi za adhabu, ikabidi kanuni iamue.

Nissan wakati huo walikuwa na injini ya kifahari zaidi, S20, yenye kamshafti mbili na valvu 24, waliyoitia katika Z432. Lakini Afrika walileta L24, injini ya ukoo uliokuwa ukivuta sedani za watu wazima wenye familia. Nadhani walijua wanachofanya. Safari ya miaka ile ilikuwa maelfu ya kilomita za mawe, matope na vumbi jekundu, na katika njia ya namna hiyo farasi wachache wasiochoka wana faida kuliko wengi wanaolala njiani.

Leo magari hayo yana zaidi ya miaka 50, na mtu anayemiliki moja kwa kawaida hataki tu lifufuke. Anataka lifufuke na nguvu zaidi ya zile lilizozaliwa nazo. Hapo ndipo ufundi ninaotaka kuusifu unapoanzia, kwa sababu kufufua na kuboresha ni kazi mbili. Ovahoo ya kawaida, ya ringi mpya, bering mpya, kusaga valvu na kubadilisha gasketi, inarudisha hesabu iliyokwisha kufanywa na wahandisi. Kuboresha kunaivuruga hesabu hiyo makusudi. Ni kama bao: ukiziokota kete za shimo moja na kuzisambaza, kila shimo zinapoangukia lina idadi mpya, na anayecheza bila kuhesabu mbele ataliwa.

Chukua jambo linaloonekana dogo kuliko yote, kuchonga hedi. Mteja anataka mkandamizo uongezeke, fundi anaipeleka hedi kwenye mashine, inapunguzwa nusu milimita au zaidi kidogo, inarudi inang'aa. Wengi huishia hapo. Lakini kamshafti inakaa juu ya hedi hiyo, na hedi ikishuka, kamshafti nayo imesogea karibu na krenki. Cheni iliyokuwa imenyooka sasa imelegea upande mmoja, na valvu zinafunguka kwa kuchelewa kidogo. Kiwanda kilitoboa matundu matatu kwenye gia ya kamshafti ili fundi asogeze majira cheni inapovutika kwa uzee. Fundi makini huyatumia hayo, au huinua minara inayobeba kamshafti kwa vibao vya chuma vya unene uleule uliochongwa. Na kabla ya yote hayo, kama hedi inatolewa bila kufungua kifuniko cha mbele, kuna kipande cha mbao. Ndiyo, mbao. Kabari iliyochongwa kwa panga, inayoshindiliwa kati ya pande mbili za cheni ili kibanio chake kisiruke na kudondokea ndani. Nimeona kabari moja iliyokuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi, imetundikwa ukutani karibu na maikromita ya bei ya ng'ombe, na sikuweza kuamua kipi kati ya hivyo viwili fundi angekilia zaidi kikipotea.

Kamshafti ndiyo inayowaumbua wengi. Ili valvu zifunguke zaidi na zikae wazi kwa muda mrefu, kamshafti ya zamani huchongwa upya. Kwa kuwa chuma hakiongezeki kwa kuchongwa, nundu inapata urefu kwa kupunguza mduara wa chini yake. Roka, ule mkono mfupi unaosukumwa na nundu na kuikandamiza valvu, sasa unakaa pembe nyingine kabisa. Nundu ikipita juu yake haifagii tena katikati ya uso wake, inafagia karibu na ukingo. Ukiiacha hivyo, ukingo utalika, kamshafti italika, na unga wa chuma utaingia kwenye oili na kwenda kutafuna bering zilizonunuliwa jana. Dawa ni vidonge vya chuma vinavyokaa juu ya shina la valvu, vinavyopatikana kwa unene mbalimbali. Fundi hupaka uso wa roka wino wa kalamu nene, anazungusha krenki kwa mkono mpaka nundu ipite, anatoa roka na kutazama wino umefutika wapi. Kama ni pembeni, anabadilisha kidonge na kurudia. Roka ni 12. Mwenye haraka huona hii ni kazi ya kichaa.

Kisha kuna udongo. Nundu ndefu inaisogeza valvu karibu na pistoni, na hedi iliyochongwa imeisogeza zaidi. Basi fundi hubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, anafunga hedi na gasketi ya zamani, anazungusha polepole mizunguko miwili, anafungua tena. Udongo una alama za valvu kama nyayo kwenye matope. Anaukata kwa wembe na kupima palipo pembamba. Upande wa eksozi, fundi ninayemfahamu hakubali chini ya milimita 2.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, na hapa lazima nikiri kwamba mapenzi yangu yanazidi busara. Ukoo wa L una ndugu wengi. Kuna L28 yenye silinda za milimita 86. Kuna LD28 ya dizeli, iliyosukuma sedani tulivu kama Cedric na Laurel, yenye krenki inayoipa pistoni mwendo wa milimita 83. Krenki hiyo ya dizeli inaingia katika bloku la L28. Ukitanua silinda hadi milimita 89, ukaweka mikono ya L24 ya milimita 133 na pistoni za KA24, injini ya Nissan ya silinda nne, unapata lita 3.1 bila kutoka nje ya nyumba ya Nissan. Mfupa wa teksi ya dizeli ndani ya gari la mbio! Kila mara nikilifikiria hili nacheka peke yangu.

Lakini kutoka 86 hadi 89 ni milimita moja na nusu ya chuma inayoondoka kila upande, na bloku lililosubiwa miaka ya 1970 halina uhakika wa kuwa na ukuta wa unene mmoja pande zote. Lazima unene upimwe kwa mawimbi ya sauti kabla mashine haijagusa kitu. Krenki yenye mwendo mrefu nayo hujisokota zaidi, na puli ya mbele yenye mpira wa kumeza mtikisiko huo mara nyingi imekuwa ngumu kama kwato. Silinda sita za mstari mmoja zimejaliwa utulivu wa asili: pistoni zinakwenda mbili mbili, ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na nguvu zao zinafutana. Utulivu huo ni wa bure, ila kwa sharti kwamba pistoni zote zina uzito mmoja. Ndiyo maana mizani ya gramu ni chombo cha lazima, na mikono ya pistoni hupimwa kila ncha kwa nafsi yake.

Nilimkuta siku moja fundi mmoja wa Industrial Area, Nairobi, akiwa na pistoni sita mezani, amekaa tu. Kijana mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee, leo tunafunga?"

"Leo hatufungi wala hatupimi. Hizi zimeshinda chini ya mabati. Njoo kesho asubuhi, kabla ya jua."

Kijana aliondoka akinung'unika, na sikumlaumu. Lakini pistoni ya aluminiamu ya milimita 83 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hutanuka karibu sehemu mbili za mia za milimita, na nafasi yote kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu chache tu za mia. Ukiipima mchana na silinda ukaipima asubuhi, umepima hali ya hewa. Mzee huyo hata hupenda kuvaa glovu, asije akaipasha pistoni joto kwa kiganja.

Kufunga injini kwenyewe sitakueleza kirefu, vitabu vipo. Nitasema tu kwamba ringi huingizwa kwenye silinda na kunyooshwa kwa kusukumwa na pistoni iliyogeuzwa chini juu, kisha mwanya wake hupimwa, kama theluthi moja ya milimita kwa silinda ya 83, na ikibana inapunguzwa kwa tupa, pigo moja, pima, pigo moja, pima. Siku ya kuwasha, plagi hutolewa kwanza na injini kuzungushwa kwa stata mpaka geji ya oili iinuke. Baada ya kuwaka, haiachwi ikanguruma taratibu kama wengi wanavyodhani ndiyo huruma. Inashikiliwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, kwa sababu kamshafti mpya hupata oili ya kutosha ikizunguka kasi. Wanaofurahia moshi na kelele hufurahi. Fundi anasikiliza upande wa mbele tu, kwenye cheni.

Na hata ikishakaa sawa, imekaa sawa kwa Nairobi. Mjini kule, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa imepungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Jeti za kabureta zinazofaa Mombasa zingeizamisha injini kwa petroli na kuzifanya plagi nyeusi. Mkandamizo mkubwa, ambao hewa nyepesi inauvumilia, ungeanza kugonga mara gari linaposhuka pwani. Kwa hiyo fundi wetu akimkabidhi mtu gari lenye Weber tatu humpa na kopo la tambi la plastiki lenye jeti sita, bisibisi fupi, na maelekezo ya mdomo: ukishuka Mombasa, simama Mtito Andei, acha injini ipoe, unywe chai, ubadilishe zote sita, na uirudishe distribyuta nyuma nyuzi mbili. Wateja wengine hucheka. Wengine huuliza kama hakuna kabureta inayojibadilisha yenyewe. Huwajibu kwamba ipo, inaitwa ya kompyuta, na gereji zake ziko barabara ya pili kushoto.