Gari Kongwe na Kipimo cha Uzuri

Msomaji, watu wengi hudhani kwamba chombo kizuri ni kile king'aacho. Dhana hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini haitoshi. Uzuri wa mwiko hujulikana kwa kusonga ugali, na uzuri wa jembe hujulikana shambani; umbo la kila kimoja latokana na kazi yake. Katika insha hii nataka tuitumie kanuni hiyo kulihukumu gari moja la Kijerumani, Porsche 911, ambalo wapenzi wa magari ya kale hulifufua kwa gharama kubwa na kuliendesha katika barabara za Afrika Mashariki.

Kwanza yafaa tuijue nasaba yake. Ferdinand Porsche ndiye aliyebuni Volkswagen, gari lenye mgongo wa mviringo kama wa kobe, ambalo wazee wetu walilifahamu sana. Mwaka wa 1948 mwanawe, Ferry, alisimamia ujenzi wa gari dogo la wazi, la watu wawili, huko Gmünd katika nchi ya Austria. Vipuri vyake vingi vilikuwa vya Volkswagen, nalo likawa gari la kwanza kuitwa Porsche. Kisha mwaka wa 1963, katika maonyesho ya Frankfurt, likatokea gari lililokuja kuitwa 911, ambalo umbo lake lilichorwa na mjukuu, Ferdinand Alexander. Hivyo gari hili ni kazi ya vizazi vitatu.

Litazame katika picha. Paa lateremka kwa mstari mmoja kutoka kioo cha mbele hadi mkiani, wala hapana pambo lililobandikwa. Katika magari ya awali hutaona mbele tundu kubwa la kuingiza hewa, maana injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, nayo hupozwa kwa upepo bila maji wala rejeta. Kwa hiyo wepesi wa uso wa gari una sababu yake katika mashine iliyofichwa.

Lakini mhakiki hapaswi kusifu tu. Uzito ulio nyuma huyakandamiza magurudumu yanayolisukuma gari, yakashika vizuri penye tope na mlima. Uzito huo huo huufanya mkia utake kutangulia katika kona, hasa dereva akiondoa mguu ghafla. Waundaji waliijua kasoro hiyo. Katika magari ya mtindo wa 1969 waliongeza milimita 57 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na umbo likabaki karibu lile lile. Hapo twaona urithi unaorekebishwa bila kutupwa.

Barabara zetu zilitoa hukumu yake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na Volkswagen ilishinda mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Ndugu yake wa ghali hakujaliwa hivyo: 911 ilipata nafasi ya pili mwaka wa 1972, tena 1974, tena 1978. Ushindi wa 1974 ulichukuliwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeendesha Mitsubishi ndogo ya Lancer. Mtu aliyekuwa wa pili mwaka huo alikuwa Björn Waldegård wa Sweden. Miaka 37 baadaye, mwaka wa 2011, mzee huyo alishinda Safari ya magari ya kale, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, akiwa katika 911.

Hapa pana swali gumu. Magari yanayokimbia katika Safari hiyo yameimarishwa bodi, yamepewa springi ngumu, na tumbo lake limeinuliwa. Je, bado ni magari yale yale? Wengine hufuata njia tofauti: huliweka gari kama lilivyotoka kiwandani, wakalipeleka katika maonyesho ya Nairobi yaliyoanza mwaka wa 1970, ambako waamuzi hukagua hata uvungu.

Siwadharau hawa wa pili. Bila wao tusingejua rangi ya asili wala mshono wa viti ulivyokuwa, na wajukuu wetu wangerithi hadithi tu. Hata hivyo naona kwamba wao wameihifadhi chuma, na wale wa Safari wameihifadhi nia. Gari lililoundwa kukimbia, likifungiwa chini ya turubai mwaka mzima, hunyamaza. Hatuwezi tena kujua kwa nini mstari wa paa ulichorwa vile.

Hapa Rongo, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, utawaona mafundi wakitengeneza matrekta ya kubeba miwa. Fundi mwema haongezi chuma kabla ya kuuliza chombo kitabeba nini, na kitapita njia gani. Akishajua, hukata, huunga, na kuacha pasipohitaji kuguswa. Swali lake ndilo swali la mhakiki, iwe anahukumu gari la Wajerumani, kigoda cha babu, au nyumba kongwe ya mjini Lamu.

Basi, msomaji, ukikutana na kitu cha kale kilichofufuliwa, usistaajabie kung'aa kwake wala bei yake. Uliza kiliundwa kwa kazi gani. Uliza kama bado chaweza kuifanya. Uliza kilichobadilishwa kilibadilishwa kwa sababu gani. Siku moja mtaachiwa ninyi vitu vya wazee wenu, nanyi mtachagua cha kurekebisha na cha kuacha kama kilivyo. Asiyejua kazi ya kitu ataharibu kilicho cha maana, akahifadhi rangi.