Sumu Isiyoonekana Jikoni: Namna Chanzo cha Vifo vya 2004 Kilivyotafutwa Makueni na Kitui

Ukaguzi wa hoteli ndogo ya kifungua kinywa, yaani ile inayouza chai ya maziwa, maandazi, uji na maharagwe kuanzia alfajiri katika miji kama Wote, Mwingi na Kitui, umejengwa juu ya hatari zinazoonekana kwa macho au zinazoweza kukisiwa kutokana na mazoea ya jikoni. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni Sura ya 242 ya sheria za Kenya, pamoja na sheria ya vyakula, dawa na kemikali, ambayo ni Sura ya 254, afisa wa afya ya umma huangalia choo, maji, mahali pa kunawia mikono, utupaji wa taka na hali ya vyombo, kisha hudai cheti cha uchunguzi wa kiafya ambacho kila anayeshika chakula hutakiwa kukipata upya kila baada ya miezi sita. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiweka kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouza chakula kwa umma mikononi mwa kaunti. Utaratibu huo una mantiki yake, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa maji na kwa mikono, na jiko safi huyakatia njia maradhi hayo. Lakini msiba wa chakula uliozikumba Makueni na Kitui mwaka 2004, ambao ni miongoni mwa mikubwa zaidi ya aina yake iliyowahi kurekodiwa duniani, haukupita katika njia yoyote ambayo fomu ya mkaguzi inaijua.

Sumu iliyohusika ni aflatoksini, ambayo Tanzania huitwa sumukuvu, jina linaloeleza jambo lenyewe vizuri kuliko lile la kigeni. Hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus flavus, ambao huishi udongoni, hushambulia mahindi yaliyodhoofishwa na ukame yakiwa bado shambani, na huendelea kustawi ghalani ikiwa punje zimehifadhiwa zikiwa na unyevu. Kemikali hiyo haina harufu wala ladha inayoweza kumwonya mlaji, na ingawa ukuvu wenyewe huonekana pengine kama vumbi la kijani, sumu yake inaweza kuwamo katika punje ambayo jicho halioni kasoro yoyote ndani yake. Zaidi ya hayo, hustahimili joto la sufuria, kwa hiyo uji uliochemka hadi ukaiva, ambao kwa kipimo cha vijidudu ni chakula salama kabisa, unaweza kumfikia mteja ukiwa na karibu sumu yote iliyokuwa katika unga.

Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni, yaani maikrogramu 20 za sumu katika kilo moja ya chakula. Kwa lugha ya sokoni, ni gramu moja ya sumu iliyosambaa katika tani 50 za mahindi, ambazo ni magunia zaidi ya 550 ya kilo 90. Katika baadhi ya sampuli zilizochukuliwa maeneo yaliyoathirika mwaka 2004, aflatoksini aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, ilifikia sehemu 4,400 kwa bilioni, ambazo ni mara 220 ya kiwango hicho.

Dalili iliyowafikisha wagonjwa hospitalini ilikuwa umanjano wa macho na ngozi, ambao hutokea ini linaposhindwa kufanya kazi yake. (Dalili hiyo isichanganywe na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu.) Kwa kuwa ini huharibiwa na mambo mengi, kazi ya kwanza ya wachunguzi ilikuwa kuamua nani ahesabiwe kuwa mgonjwa, na wakamhesabu mtu aliyepata umanjano wa ghafla usio na sababu nyingine inayojulikana. Kwa kigezo hicho, Wizara ya Afya ya Kenya na washirika wake, wakiwemo Shirika la Afya Duniani na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, walihesabu wagonjwa 317 kati ya Januari na Julai 2004, ambao 125 kati yao walifariki, karibu watu 2 katika kila 5. Wengi wao walitoka katika wilaya nne za wakati huo: Makueni, Kitui, Machakos na Thika.

Dhana ya aflatoksini haikutoka hewani, kwani mwaka 1981 Wilaya ya Machakos ilikuwa imeshuhudia tukio kama hilo, ambapo wagonjwa 12 kati ya 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu. Lakini dhana ni jambo moja na uthibitisho ni jambo jingine, hasa katika eneo ambalo karibu kila nyumba hula mahindi kila siku; kumkuta mgonjwa na mahindi nyumbani hakuthibitishi chochote, kwa sababu jirani yake mzima pia anayo. Njia iliyotumiwa ni utafiti wa kulinganisha wagonjwa na wasiougua, ambao huuliza ni kitu gani kilichowatofautisha wawili hao. Wagonjwa 40 wa Makueni na Kitui walilinganishwa na watu 80 wasiougua waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na mahindi ya kila nyumba yakapimwa. Wastani wa sumu katika nyumba za wagonjwa ulikuwa sehemu 354.53 kwa bilioni, na katika nyumba za wasiougua 44.14. Wastani huo ni ule wa kijiometri, unaozuia sampuli chache zenye viwango vikubwa mno zisiuvute wote juu. Inafaa kutua kidogo kwenye tarakimu ya pili, kwa maana inaonyesha kwamba hata watu waliotajwa kuwa wazima walikuwa wakila, kwa wastani, zaidi ya maradufu ya kiwango kilichoruhusiwa.

Maswali kuhusu uhifadhi ndiyo yaliyoeleza tofauti hiyo. Uwiano wa uwezekano, ambao ni kipimo cha mara ngapi jambo fulani limeelekea zaidi upande wa wagonjwa kuliko upande wa wazima, ulikuwa 3.5 kwa kuhifadhi mahindi yakiwa na unyevu, na 12 kwa kuyahifadhi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Tarakimu ya 12 isichukuliwe kama kipimo kamili, kwa kuwa kutokana na uchache wa watu waliochunguzwa, ukweli wenyewe ungeweza kuwa popote kati ya 1.5 na karibu 96. Mwelekeo wake tu ndio usio na shaka. Sababu ya mahindi kuingizwa ndani ilikuwa ya kibinadamu kabisa: ukame ulikuwa umeyapunguza mavuno, mvua zisizo za msimu zikanyesha wakati wa kuvuna, na familia zikayalaza magunia chumbani ili yasiibwe, mahali palipokuwa na joto na unyevu kuliko ghala la nje.

Ushahidi wa mwisho ulitafutwa katika damu. Aflatoksini ikishavunjwa na ini, sehemu yake hujishikiza kwenye albumini, protini kuu ya damu, ambayo huishi mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo damu huwa kama daftari la mlo wa wiki zilizopita. Wagonjwa walikutwa na kiasi kikubwa cha alama hiyo, na waliokuwa nacho zaidi walielekea kufa upesi zaidi baada ya umanjano kuanza. Ilibainika pia kwamba wagonjwa walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B mara nyingi kuliko wenzao, jambo linaloeleweka, kwa kuwa ini ambalo tayari limejeruhiwa lina uwezo mdogo wa kuihimili sumu.

Hadi hapo uchunguzi ulikuwa umeonyesha kosa la shamba na ghala la nyumbani, na kama ungeishia hapo mwenye hoteli angeweza kusema kwamba jambo hilo halimhusu. Sehemu iliyofuata ndiyo iliyomgusa. Wachunguzi walifika katika masoko 65, wakawahoji wauzaji 243 na kukusanya sampuli 350 za bidhaa za mahindi. Asilimia 55 zilizidi sehemu 20 kwa bilioni, asilimia 35 zilizidi 100, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Mahindi yaliyonunuliwa kutoka mashamba ya eneo lenyewe ndiyo yaliyoelekea zaidi kuvuka kiwango, kuliko yaliyotoka sehemu nyingine za Kenya au nje ya nchi. Mkulima aliyeuza gunia apate karo alikuwa ameiingiza sumu sokoni, na baada ya miezi michache, akiba yake ilipokwisha, alirudi kununua huko huko. Mwenye hoteli, ambaye mara nyingi halimi bali hununua, amesimama mwisho wa mzunguko huo, na mkaguzi humkuta akiwa amekwisha kununua.

Jikoni kwenyewe kuna mambo machache yanayosaidia. Katika Ukambani, eneo lenye Makueni na Kitui, mahindi hutwangwa ili kuondoa ganda na kiini, yakapatikana muthokoi, na utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ukoboaji huo hupunguza aflatoksini kwa karibu nusu, ingawa kwa tofauti kubwa kutoka sampuli moja hadi nyingine. Sumu hiyo hukaa zaidi katika sehemu za nje na katika kiini, kwa hiyo pumba zinazobaki ndizo chafu zaidi. Na hapo ndipo jambo linapojikunja, kwa sababu pumba hupewa ng'ombe, naye huibadilisha sehemu ya aflatoksini B1 kuwa M1 na kuitoa katika maziwa. Kikombe cha chai ya asubuhi, ambacho hakina hata punje ya mahindi, nacho kimo katika mzunguko. Kwa maziwa, kiwango cha kimataifa cha Codex ni maikrogramu 0.5 kwa kilo, nacho hakipimiki kwa kuonja wala kwa kuchemsha.

Kupima gunia la hoteli si rahisi kama kupima maji ya bomba, kwa kuwa sumu haisambai sawasawa: punje chache hubeba sehemu kubwa yake, na konzi moja iliyochotwa juu ya gunia inaweza kutoa jibu safi huku chini kukiwa na hatari. Sampuli ya haki huchotwa sehemu nyingi, husagwa yote na kuchanganywa kabla ya kupimwa, kazi ambayo afisa mmoja mwenye pikipiki na hoteli nyingi za kuzungukia hawezi kuifanya kila asubuhi. Unga wa pakiti angalau una alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na jina la kiwanda cha kuulizwa. Ule uliosagwa kwenye kinu cha posho cha mtaani hufika jikoni bila alama, bila tarehe na bila jina la shamba.

Kinachowezekana kufanyika papo hapo, kwa gharama ya chupa na kijiko cha chumvi kavu, ni kipimo cha unyevu kinachofundishwa na maafisa wa kilimo: punje hutiwa ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi, hutikiswa kwa dakika chache, na chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya takribani asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Chumvi isipogandamana, kinachoonyeshwa ni kwamba kuvu hana nafasi kubwa ya kuendelea katika gunia hilo likibaki kavu. Sumu aliyoitengeneza kabla ya mahindi kuanikwa ingali mle ndani.