Daftari la Kupimia Farasi: Elimu Yake na Kamari Yake

Vijana wetu siku hizi, hata hapa Igalula penye kituo cha reli na mashamba ya tumbaku, wana madaftari. Laiti yangekuwa madaftari ya nahau na fiqhi! Ni ya kupimia farasi. Kijana hukaa na simu yake, akachora mistari, akaandika jina la farasi, uzito aliobebeshwa na nafasi aliyoshika, kisha akampa kila mmoja alama zake ili ajue nani wa kumwekea dau. Naye ukimwambia kuwa hiyo ni kamari hujibu, "Hapana sheikh, kamari ni kubahatisha, mimi napiga hesabu."

Jawabu hilo si la kupuuzwa, maana lina akili ndani yake. Basi tuitazame kwanza hiyo hesabu, kwani kuhukumu jambo usilolijua ni dhulma.

Unyamwezi si nchi ya farasi. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Unyanyembe, farasi wake wawili walikufa mapema njiani, na mizigo mingi ikaletwa kwa mabega ya wapagazi. Lakini wapagazi hao walikijua barabara kitu ambacho ndicho msingi wa mbio za farasi za leo, nacho ni uzito. Mzigo wa mtu ulikuwa kama frasila 2, yaani ratili 70 hivi, na kila mmoja alijua kuwa ratili chache zikizidi, mwenye nguvu atakuwa sawa na mnyonge ifikapo jioni kambini.

Waingereza waliifanya kanuni hiyo kuwa kazi ya mtu maalumu. Mwaka 1855 Admiral Henry Rous alikabidhiwa kupanga uzito wa farasi wa mashindano: aliye hodari aongezewe vipande vya risasi katika tandiko, dhaifu apunguziwe, ili kila mmoja awe na tamaa ya kushinda. Katika Nairobi, uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954 umekuwa ukiendesha mbio za namna hiyo. Mwenye daftari naye huirudia kazi ya mpangaji kwa nyuma. Katika mbio za maili moja, urefu wa farasi mmoja huhesabiwa takriban kilo 1. Mbio zikiwa fupi huwa zaidi, zikiwa ndefu huwa chini ya hapo. Farasi aliyebeba kilo 58 akimtangulia aliyebeba 54 kwa urefu wa farasi wawili, basi amemzidi kwa kilo 6: nne za mzigo na mbili za mwendo. Wakikutana tena na tofauti ya mizigo ikawa kilo 4 tu, daftari litasema kuwa yule wa kwanza bado ana kilo 2 za faida.

Naisema wazi: nusu hii ya elimu ni nzuri. Ni uangalifu, ni subira, ni kuandika kilichotokea badala ya unachokitamani. Nayo si ngeni katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kutoka Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, kiasi cha maili 6 hivi, na wasiofanyiwa mazoezi akawapa mwendo wa kama maili 1 tu, mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Hakuwachanganya. Na mafakihi wetu wa Kishafii wameshurutisha kuwa kila mshindani awe anaweza kushinda. Anayejulikana kabisa kuwa atashindwa, mashindano naye hayasihi. Rous hakujua, lakini alikuwa akizunguka karibu na mlango huo.

Ama nusu ya pili ndiyo mbovu, tena mbovu kwa hesabu zake zenyewe. Mpangaji hupanga uzito ili farasi wote wafike pamoja. Kila anapoifanya kazi yake vizuri, ndivyo daftari linavyobaki bila la kusema. Na juu yake yuko mwenye duka la kamari. Chukua farasi 4 walio sawa kabisa. Kwa haki, shilingi 100 iliyoshinda ingerudi 400. Yeye hulipa 350. Weka 100 kwa kila mmoja, umetoa 400, na ashinde yeyote umerudishiwa 350. Kwa hiyo haitoshi kujua farasi. Yapasa ujue kuwazidi wote wanaojua, kwa kiasi kinachopita kile alichokwisha kukata.

Na hata akitokea mmoja mwenye ujuzi huo, hukumu haibadiliki. Kamari haikuharamishwa kwa ujinga wa mchezaji. Zawadi ya mbio imeruhusiwa kwa wanaoshindana, kwa kuwa inawatia watu hamu ya kufuga na kufunza farasi. Ibn al-Qayyim, aliyeandika kitabu kizima juu ya upanda farasi na kulegeza sharti la mshindani wa tatu asiyetoa dau, alikuwa akiwazungumza washindani hao hao. Mtazamaji wa Igalula hakufuga wala hakupanda; ametoa mali yake apate ya mwenziwe au ile yake iende. Serikali ina sheria yake ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, na leseni zipo. Leseni ni ya mwenye duka.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu alinionyesha daftari lake. Mwandiko safi, jumla zote sahihi. Nikamwuliza farasi hawa wanakimbia nchi gani. Kumbe ni wale wa kuchorwa, wanaokimbia katika kioo cha duka la kamari kila baada ya dakika chache! Hapo hakuna mguu uliochoka, hakuna risasi katika tandiko, hakuna tope. Mashine huchagua namba, kisha picha hufuata. Kurasa 40 alizipimia viumbe wasio na uzito.

Nimemwambia aje msimu wa tumbaku chama cha msingi kinapofungua soko, asimame penye mizani pamoja na baba yake, aandike kilo na daraja la kila mtumba.