Nani Alianza? Sarufi ya Taarifa ya Saa Moja

Msomaji wa habari wa televisheni hukumbukwa kwa sura, sauti na mavazi. Sentensi zake hazikumbukwi, na kwa kiasi kikubwa si zake. Mwandishi aliyekuwa mtaani huzileta, mhariri huzipiga msasa, prompta huzipitisha mbele ya kamera, naye huzipa pumzi. Ila mtu akitamka sentensi za umbo moja kila jioni kwa miaka ishirini, umbo hilo ndilo kazi yake ya maisha. Wasifu wa msomaji wa habari unaweza kuandikwa kwa tarehe na majina ya vituo alivyopitia. Unaweza pia kusomwa ndani ya sarufi, na huko ndiko nitakakouchungulia.

Kenya ina mazoea yake. Saa moja jioni ni zamu ya Kiswahili, saa tatu usiku ni zamu ya Kiingereza. Citizen wana Nipashe, NTV wana NTV Jioni, KTN wana Mbiu. Katika zamu hii ya saa moja imeota sentensi ambayo mtazamaji yeyote ataitambua. Huu ni mfano niliouunda mwenyewe:

"Kizaazaa kilishuhudiwa leo asubuhi katika soko kuu baada ya wauzaji wa mboga kukabiliana na askari wa kaunti."

Tuitazame neno kwa neno. Kiima chake ni kizaazaa. Hakuna mtu bado. Kuna kelele tu, na kelele hiyo ndiyo iliyokalia kiti cha mtenda. Kizaazaa kikichosha, wapo ndugu zake: patashika, mshikemshike, vuta nikuvute, kivumbi. Kitenzi kinachofuata, "kilishuhudiwa", ni cha kutendwa, lakini shahidi hatajwi. Nani alishuhudia? Pengine mwandishi, pengine kamera, pengine sote tulioketi sebuleni. Baadaye, nyuma ya "baada ya", wanajitokeza watu wenye miili, wauzaji na askari, na kitenzi chao kimevuliwa wakati na nafsi: "kukabiliana".

Hapo kwenye "-ana" ndipo penye siri. Kauli ya kutendana hugawa tendo sawasawa pande zote mbili. Wanaokabiliana wanakabiliana, hakuna aliyeanza wala aliyeanzwa. Mwenye rungu na mwenye fungu la sukuma wamepimwa kwa mizani moja. Mhariri anaweza kuiita hali hiyo usawa, na kuna siku ni usawa kweli, kwa sababu mwandishi alifika vumbi limeshatua na hakumwona aliyeanza. Lakini siku alipoona, na kamera yake ikaona, sarufi ileile inafuta alichokiona.

Ukivuka mpaka hadi Tanzania, saa mbili usiku, sentensi inageuka sura. Chini ya paa la TBC, au la ITV iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994, tukio lilelile la sokoni lingeweza kuingia hivi: "Mkuu wa Mkoa amewataka wafanyabiashara wa soko kuu kuondoka katika maeneo yasiyo rasmi na kuhamia maeneo waliyopangiwa." Huu nao ni mfano wangu. Hapa hakuna kelele. Kiima ni cheo, na mara nyingi cheo hutangulia jina. Kitenzi kimetulia katika "-me-", jambo limeshasemwa na limeshakamilika. Wauzaji wamo, lakini wamebanwa katika silabi moja, ile "-wa-" ya "amewataka". Wao ni watendwa kabla hata hawajatajwa.

Watu hupenda kulinganisha mitindo hii miwili kwa ladha: Mkenya ana mbwembwe, Mtanzania ana staha. Ulinganisho huo unaishia juu juu. Mmoja ameipa kelele kiti cha mtenda, mwingine ameipa ofisi. Katika mitindo yote miwili, muuza mboga hapati kuwa kiima cha kitenzi kikuu.

Msomaji anaingia wapi? Anaingia katika pumzi. Vituo vya Nairobi kwa muda mrefu vimependelea sauti za Pwani kwa zamu ya saa moja, na orodha ya waliojipatia jina humo, akina Swaleh Mdoe, Mwanahamisi Hamadi na Ali Manzu, inatosha kuonyesha jinsi Kiswahili kinavyosomwa kama fani yenye wenyewe. Sauti iliyolelewa kwenye lugha inajua kukokota silabi ya pili kutoka mwisho bila kuipigia kelele. Inajua pia kwamba kituo kidogo kabla ya "baada ya" kinaweza kumwandaa msikilizaji kwa watu wanaokuja, badala ya kuwatupa mkiani mwa sentensi.

Badi Muhsin wa KBC alikuwa wa shule hiyo ya utulivu. Aliposoma, hakushindana na neno zito, alilitua. Tangu aliporejea KBC mwaka 2021, katika kundi la sauti za zamani zilizoitwa upya, hadi kifo chake Februari 2022, ulisikika wazi umbali uliopo kati ya msomaji anayeibeba sentensi na msomaji anayeichezesha. Kwake hata kizaazaa kilisikika kama taarifa. Huo ni ustadi, lakini una kikomo: pumzi inaweza kupunguza makali ya neno, haiwezi kubadilisha kiima.

Kikomo hicho kina mfano mchungu zaidi katika historia ya utangazaji wa Kenya. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walioasi walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani na kumpeleka katika kituo cha Sauti ya Kenya, akatangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Waasi walikuwa na bunduki, na bado walihitaji sauti ambayo nchi ilikuwa imeizoea. Sentensi ilikuwa yao, uaminifu ulikuwa wa Mbotela. Siku za kawaida hakuna bunduki mlangoni, lakini mgawanyo wa kazi ni uleule: maneno yanatoka kwingine, imani ya wasikilizaji inatoka kwa msomaji. Kwa hiyo si haki kumhukumu kana kwamba ndiye mwandishi, na si sahihi kumsamehe kana kwamba ni kipaza sauti.

Mwaka 2018 Citizen walijaribu umbo jipya. Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, aliyetoka NTV, waliketi meza moja kusoma Nipashe Wikendi. Magazeti yaliandika sana kuhusu ndoa yao. Kwa mhakiki, jambo la kutazama ni jinsi taarifa ilivyogawanywa vinywa viwili. Msomaji mmoja huongea na kamera, na kamera haijibu. Wasomaji wawili wanaweza kupokezana: mmoja anatua, mwingine anadaka, mmoja anasoma ya bungeni, mwingine anageuza shingo, anatabasamu, anatupa neno moja, kisha anaendelea na ya michezo. Kile kipande kifupi kati ya taarifa na taarifa, ambacho zamani kilikuwa ukimya au karatasi zikipangwa, kikawa mazungumzo. Na kwa kuwa wanaozungumza ni mke na mume, mtazamaji anasikia sauti mbili kwa wakati mmoja, ya kazini na ya nyumbani. Tamthilia ilikuwa imeshaingia studio kabla hata ya kuitwa tamthilia.

Haikushangaza basi kwamba wawili hao, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures, walitengeneza tamthilia ya Maria na baadaye Sultana kwa kituo hichohicho. Maria ilirushwa siku za kazi, baada tu ya taarifa ya saa moja. Wapo walioona huko ni kuikimbia fani nzito na kuingia ya burudani. Mimi naona uzi mmoja. Taarifa ya Kiswahili ya Kenya ilikuwa imejaa dhamira ya kisanaa kwa miaka mingi, ila ilikosa kitu ambacho sanaa haiwezi kuishi bila hicho, yaani mhusika. Ilikuwa na kizaazaa kisicho na mwenyewe. Maria, msichana wa mtaa wa mabanda anayejikuta katika nyumba ya matajiri, ni mtu ambaye taarifa ya saa moja ingemweka nyuma ya "baada ya". Nusu saa baadaye ana jina, ana hasira, na vitenzi vinamtii.

Kuna hasara katika mpangilio huo. Ukiwa na tamthilia ya kumpa mnyonge nafsi, taarifa inaweza kujiona imepumzishwa kazi hiyo, ikaendelea na kelele zake. Lakini tamthilia haimtaji askari wa leo wala soko la leo. Haijibu swali ambalo muuza mboga aliyeko sebuleni, akijitazama kwenye kioo cha televisheni, analiuliza kwanza: watasema nani alianza?

Kiswahili kina chombo cha kulijibu, na ni cha wasimulizi tangu zamani: "-ka-". Kiambishi hiki hupanga matendo kwa zamu, hiki kikafuata kile. Sentensi yetu ingeweza kusomwa hivi: "Leo asubuhi askari wa kaunti walivunja vibanda vya wauzaji wa mboga katika soko kuu, wauzaji wakawarushia mawe." Idadi ya maneno ni ileile na prompta haitalemewa. Hakuna aliyetetewa, kwa sababu mawe yametajwa sawa na vibanda, lakini kila tendo limerudi kwa mwenyewe na kwa zamu yake. Kama mwandishi aliona kinyume, "-ka-" itasema kinyume. Kama hakuona, aseme hakuona, na hapo "kukabiliana" itakuwa na haki ya kutumika.

Msomaji mwenye jina ana nguvu ya kumwomba mhariri sentensi hiyo. Miaka ya kuaminiwa ndiyo mtaji wake mkubwa, na hapa ndipo pa kuutumia. Tukija kumpima mwisho wa kazi yake, lafudhi tumpe alama, mavazi tumpe alama, kisha tuulize ni mara ngapi aligoma kusoma kizaazaa pale ambapo palikuwa na watu.