Jersey: Merikebu Iliyogeuzwa Gereza

Ukitaka kujua jinsi Jersey ilivyoua watu, usianze na walinzi wake. Anza na matundu. Merikebu hii ya kivita ya Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1736, ilikuwa kuukuu ilipotiwa nanga katika ghuba ya Wallabout, Brooklyn, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Ikang'olewa milingoti, usukani na mizinga. Madirisha ya mizinga yakapigiliwa misumari, yakatobolewa matundu madogo yenye nondo. Jua likizama mateka wa Kimarekani walishushwa chini, mlango wa falka ukafungwa juu yao. Kuna nyakati walizidi 1,000, wote wakigombea hewa ya matundu hayo.

Jiko lilimalizia kazi. Sufuria kubwa ya shaba iligawanywa sehemu mbili: huku njegere kwa maji matamu, kule nyama kwa maji ya bahari, yaliyotekwa ubavuni mwa chombo, palepale uchafu wa watu wote ulipomwagwa. Chumvi ikala shaba, nayo shaba ikaingia chakulani. Posho ilikuwa theluthi mbili ya ile ya baharia wa Uingereza.

Thomas Dring, aliyefungwa humo mwaka 1782, alikuwa hajawahi kuugua ndui, iliyokuwa imeenea melini. Ili augue kwa wepesi tu, akachukua usaha wa mgonjwa, akajikwaruza kwa pini kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupaka, akafunga mkono kwa kitambaa. Akapona. Kila kulipokucha, wafungwa waliamriwa kuwatoa wenzao waliokufa usiku.

Mbona hawakubadilishwa na mateka wa upande wa pili? Hapa ndipo penye kiini. London iliwahesabu kuwa waasi, kwani kuwaita mateka wa vita kungekuwa kuitambua nchi yao. Wengi walikuwa mabaharia wa meli za watu binafsi zenye kibali cha kuteka, na George Washington, jemadari wa jeshi la Marekani, hakutaka kuwarudishia Waingereza askari wazima kwa ajili ya mabaharia ambao hawangeongeza nguvu ya jeshi lake. Wakakosa mwenyewe. Njia moja tu iliachwa wazi: kujiunga na jeshi la majini la mfalme. Kwangu mimi, njaa ile haiwezi kutenganishwa na ofa hiyo. Wengi waliikataa.

Makadirio ya waliokufa katika meli-gereza za ghuba hiyo hufika 11,500. Walizikwa juujuu ufukweni. Baada ya vita mawimbi yaliendelea kufukua mifupa, hadi mwaka 1808 ilipokusanywa na kuzikwa upya.